Gwaride la Majina

Meneja wa ofisi yetu pale mtaani Kabalagala alikuwa sajenti mstaafu kutoka kaskazini. Hakuna kitu kilichohama chumba bila yeye kukiita jina, hata birika la chai.

Siku hiyo tulikuwa tukihamishia mfumo wa mteja wetu, zahanati moja, kwenye kompyuta mpya. Mzee huyo alikuwa ameniambia waziwazi: mfumo usipowaka kabla ya saa saba mchana, kazi yangu ya majaribio inaishia hapo. Kazi yangu ilikuwa ndogo. Faili la mipangilio lina jina kushoto, alama ya sawasawa katikati, na siri kulia. Nilitakiwa kuchomoa majina tu, mteja ajaze siri zake mwenyewe. Nikachapa amri ya kutafuta maneno, grep -o '^[A-Z_]*=', majina arobaini yakamwagika, nikajiona fundi. Mteja akajaza. Mfumo ukagoma.

Mzee akaichukua orodha. "Simama, mutoto ya Kenya. Naita majina."

"Afande, hawa si watu."

"Hata wewe haukuwa mutu hapa mpaka nikakuandika na penseli. DB_HOST!"

"Yupo, afande!"

"MAIL_PORT!"

"Yupo!"

Tukaenda hivyo hadi wa arobaini, mimi nimekakamaa kama mti, wanywaji wa baa iliyo chini yetu wakichungulia kutoka ngazini. Saa sita na nusu. Nilitamani kumrushia kibodi.

"Hawa ulikamata namna gani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba ile alama ya kofia, ^, mwanzoni mwa amri huchukua tu jina linaloanzia ukingoni kabisa mwa mstari.

"Basi umehesabu wenye walisimama kwa laini. Muvivu hasimami kwa laini. Muvivu iko nyuma ya jiko. Enda uangalie."

Nikafungua faili na kulisoma kwa macho, mstari kwa mstari, huku nikinung'unika. Chini kabisa nikamkuta SMS_KEY, kasogea nafasi mbili ndani, katulia zake. Nikamtumia mteja jina hilo, akajaza siri yake. Saa saba kasoro dakika nne, mfumo ukawaka.

Mzee hakunipongeza. Alifungua daftari lake la wafanyakazi, akashusha kidole hadi kwenye jina la mwisho, akaliita kwa sauti ya uwanja wa gwaride.

"Niko, afande!" nikajibu.

Akatoa kalamu ya wino, akaliandika upya juu ya penseli.