Mwosha Vyombo wa Asolgaon Aliyekataa Kufuta Majina

Saa nane mchana, nyuma ya turubai la harusi, Shevanta Kamble ameketi juu ya kigoda mbele ya mabeseni matatu. Sari yake ameipandisha hadi magotini na kuifunga kibwebwe. Mkono wa kulia umeshika fumba la makumbi ya nazi. Wa kushoto unachota majivu ya kuni kwenye bakuli.

Upande wa pili wa turubai, wageni wa zamu ya tatu wanakula. Mgawa chakula anapita kwenye safu akinadi: "Dengu! Nani dengu? Ongeza, mzee, usione haya, gharama si yako!"

Sahani za stili zinaletwa kwa kapu. Shevanta anakung'uta mabaki kwenye ndoo ya chakula cha nyati wa kufugwa, anasugua, anasuuza, anampa mwenzake aitwaye Jana, naye anazianika juani kwenye jamvi.

"Ya nani hiyo iliyojaa achari?" Jana anauliza.

Shevanta anauinamisha ukingo wa sahani kwenye mwanga. "Ya mama Godbole wa posta."

"Nilijua! Hata sahani yake haitaki kumaliza kitu."

Wanacheka mpaka Jana anashika kiuno.

Kila sahani hapa ina jina. Limedonolewa ukingoni kwa sindano ya fundi, kama ilivyo desturi ya vyombo vya stili katika ukanda huu wa Konkan, pwani ya magharibi ya India: jina la mwenyewe, au la shangazi aliyempa siku ya harusi. Sahani hizi zimetoka nyumba mbalimbali za mji, na Shevanta ndiye mtunzaji wake. Mwenye karamu yoyote akizitaka, humwita. Huja na magunia, huosha, huhesabu, huondoka nazo.

Shevanta ana miaka hamsini na minne. Mji mzima humwita mama mdogo, hata wanaomzidi umri. Kwa harusi moja kubwa hulipwa rupia mia nane, na nusu yake ni ya Jana. Asiye na kitu halipi. Huleta ndugu zake wawili waje kusaidia kusugua.

Kazi hii aliianza akiwa mtoto, akimfuata mama yake, Rakhma, ambaye aliosha vyombo katika karamu za mji kwa miaka mingi. Kisha zikaja sahani nyeupe za kutupa, nyepesi kama povu. Harusi ikiisha, watu walizizoa kwa reki na kuzitupa mtaroni. Hakuna aliyemwita tena Rakhma wala bintiye.

"Tuliona ni maendeleo," anasema Shevanta. "Nikaenda kuvunja kokoto barabarani. Sikulaumu mtu."

Miaka saba iliyopita mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Mtaro unaopita nyuma ya mtaa wa akina Kamble uliziba, na maji yakaingia ndani ya nyumba hadi kiunoni. Shevanta alimbeba mama yake mgongoni kwenda shuleni, kwenye kilima.

"Alikuwa mwepesi kama kapu, lakini kang'ang'ania mfuko wa mchele. Nikamwambia, mama, achia huo mchele, nazama! Akanijibu, niache mimi, mchele ndio utakaolisha wajukuu."

Maji yalipopungua, vibarua wa manispaa waliuzibua mtaro. Kilichotoka, rundo kwa rundo, kilikuwa sahani za karamu, nyingine zikiwa bado na pambo la dhahabu pembeni.

"Nilisimama pale nikazitazama. Zilikuwa za harusi ambazo hatukuitwa. Kazi yetu waliitupa mtaroni, ikatufuata mpaka kitandani."

Kifua cha Rakhma hakikupona baridi ya siku zile. Kabla hajafa alimkabidhi binti yake sahani aliyopewa na dada yake siku ya kuolewa, iliyodonolewa jina la Rakhma Kamble. Shevanta alisema ataitunza kabatini. Mama yake akamwuliza: "Kabati ndilo linalokula?"

Wiki chache baada ya matanga, Shevanta alianza kubisha milangoni. Maneno yake yalikuwa yale yale kila nyumba: nipe sahani moja, moja tu, yenye jina lako. Mjini watu walimchezea shere. Wengine walisema mjane anakusanya mahari yake upya. Mwalimu mmoja mstaafu alimpa sahani iliyotoboka. Aliipokea, akashukuru, akairudisha kesho yake imezibwa. "Nimekuletea uone inavyopendeza," alimwambia. "Sasa naichukua."

Karamu ya kwanza ilikuwa ya kumpa mtoto jina, mtaani kwao. Watu walikula, kisha wakaanza kusomana. "Mimi nimemlia Shinde!" "Na mimi nimeangukia kwa mamamkwe wangu, jamani, nibadilishieni!" Likawa gumzo la mji. Ndugu wawili waliogombana kwa ajili ya shamba walijikuta kila mmoja ameshika sahani ya mwenzake. Hawakupatana. Lakini walikula, na siku hiyo hakuna aliyetupa kitu mtaroni.

Baada ya hapo watu walianza kumwiga bila kuambiwa. Mke wa mwoka mikate alikataa mifuko ya plastiki dukani. Anayekuja mikono mitupu huazimwa mfuko wa kitambaa cha sari kuukuu. Maji ya mwisho ya kusuuzia Shevanta huyamwagia migomba, na wenye karamu waliona migomba yake ilivyonenepa. "Sabuni ya dukani ingeikausha," anasema. "Majivu hayana ugomvi na mgomba."

Mtihani ulikuja na harusi ya Mrunal, binti wa Anant Khot, mwenye mashine ya kukobolea mpunga. Ilikuwa harusi kubwa kuliko zote alizowahi kuhudumia. Upande wa bwana harusi ulitoka mji mwingine, na miongoni mwao alikuwamo mzee Dattaram, ndugu wa babu yake bwana harusi, ambaye neno lake kwao ndilo la mwisho.

Mzee aliketi na kuwekewa sahani. Akafanya kama wanavyofanya wageni wote, akasoma ukingo. Akasoma tena.

"Nani Kamble hapa?" akauliza kwa sauti.

Jina hilo katika nchi yao linajieleza. Wenye kulibeba wengi ni wa tabaka ambalo tangu enzi za mababu liliambiwa likae nje ya kijiji na lisiguse kisima. Sheria ilikwisha kulikataza jambo hilo. Wazee kama Dattaram hawajaikubali sheria.

Shevanta alikuwa anapita na kapu. "Ni sisi, babu. Hiyo ni ya mama yangu."

Mzee aliisukuma sahani kwa ncha ya kidole. Anant Khot alikuja mbio, ameunganisha viganja kuomba radhi, akimnong'oneza mkewe alete sahani nyingine ya nyumbani haraka.

"Sikukusudia kusema kitu," anasimulia Shevanta. "Mdomo ulijifungua wenyewe. Nikamwambia, babu, sahani zote hizi nimeziosha mimi. Kabla yangu aliziosha mama. Unataka ipi ambayo mkono wetu haujaipitia? Kuosha ni halali, kula ndiyo haramu?"

Mzee Dattaram alisimama, na safu ya wanaume ikasimama naye.

Hapo bibi harusi, aliyekuwa ameketi na mumewe wakisubiri kulishana tonge la kwanza kama ilivyo ada, alinyoosha mkono. "Mama mdogo, nipe hiyo mimi."

Mama yake alimfinya. Jana anaapa kwamba aliona kwa macho yake kucha zikizama kwenye mkono wa msichana. Mrunal hakurudisha mkono. Aliwekewa wali kwenye sahani ya Rakhma, akafinyanga tonge, akampelekea mumewe mdomoni. Kijana alimtazama mzee wake, akamtazama mkewe, mkono ukiwa bado unangoja hewani.

Kisha akafungua mdomo.

"Mimi nililia," anasema Jana. "Huyu hakulia. Huyu alikwenda kuosha vyombo."

Mzee Dattaram alikwenda kula hotelini, kituo cha mabasi. Na shida za Shevanta zikaanza siku iliyofuata.

Familia kadhaa zilituma watu kudai sahani zao. Harusi mbili zilizokuwa zimemwita zilirudi kwenye sahani za kutupa. Mke wa Khot akimwona sokoni alivuka barabara. Kwa muda wa msimu mzima wa harusi, magunia yalilala na Shevanta akarudi kwenye kokoto.

Hatimaye Anant Khot mwenyewe alimjia kwa upole. Alitoa shauri ambalo hata leo Shevanta anakiri lilikuwa na akili: majina yafutwe. Gharama ya fundi atalipa yeye. "Zitakuwa sahani tu, dada," alimwambia. "Nani ataikataa sahani tu?"

Shevanta alikubali. Kesho yake alibeba magunia hadi kwa Yakub Mulani, fundi anayedonoa majina nyuma ya duka la vyombo. Yakub aliwasha mashine ya jiwe la kusagia chuma, akachukua sahani ya juu.

"Hii ya mama Godbole. Nimfute?"

"Mfute."

"Umemwuliza?"

Shevanta alitikisa kichwa. Yakub alizima jiwe.

"Alinitazama kama anayemtazama mwizi," Shevanta anakumbuka. "Akasema, dada yangu, sahani isiyo na jina huishia chini ya nguo ya mgeni. Yenye jina hurudi kwao, kwa sababu aliyeiba ataonekana. Wewe unadhani watu walikupa sahani? Walikupa majina. Basi nikamfikiria mama. Afutwe yeye, ili mzee mmoja ashibe? Nikafunga magunia nikarudi nayo, na njia nzima nilikuwa najigombeza mwenyewe."

Khot alipomwuliza, alimjibu kwa heshima lakini kwa ufupi: "Kaka, anayeona haya kula na sisi aje na chakula chake mfukoni. Mimi sifuti mtu."

Aliyevunja ukimya wa mji alikuwa Yakub. Binti yake alipoolewa, alichukua sahani zote, na kwa wageni wake alitangaza: "Someni majina mpendavyo. Biriani yenyewe haijui kusoma!" Baada yake wakaja wavuvi wa mtaa wa chini, kisha posta, kisha mwalimu mstaafu. Waliodai sahani zao walianza kuzirudisha mmoja mmoja, wengine jioni, wakijifanya wanapita tu.

Mwaka uliofuata Mrunal alikuja kuwasalimia wazazi wake. Alishuka kwenye basi na mzigo uliofungwa kwa shuka. Ndani mlikuwa na sahani alizokusanya kwa wakweze. Moja ilikuwa mpya kabisa, imedonolewa jina la Sulochana. Shevanta aliuliza huyo ni nani.

"Ni mke wa babu Dattaram," Mrunal alimjibu. "Kaniambia niseme hivi: mume wangu ana jina lake, na mimi nina langu."

Mzee mwenyewe hajabadilika, na Shevanta hasubiri abadilike. Anasubiri kitu kingine.

Kila mwaka, mavuno yakiisha, hekalu la Asolgaon hutoa karamu kwa mji mzima na vijiji vya jirani. Ndiyo karamu pekee kubwa ambayo bado huliwa kwenye sahani za kutupa, na baada yake mtaro hufura tena. Shevanta anataka karamu hiyo. Amekwisha kuwapata wanawake wa kuosha kwa zamu na mkokoteni wa kubebea magunia. Kamati ya hekalu inakutana Jumamosi.

"Mwenyekiti kaniambia niandike barua," anasema, akiosha beseni la mwisho. "Nimemwambia barua haijui kusugua. Nitakuja mwenyewe, nikae mbele."

"Mbele kabisa?" Jana anamtania. "Waliozoea kukuona nyuma ya turubai si watazirai?"

"Watazirai, watamwagiwa maji, wataamka, nami bado nitakuwa nimekaa."

Na kamati ikikataa?

Shevanta anakung'uta maji mikononi, anainua gunia la kwanza na kujitwika kichwani.

"Kamati hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu," anasema. "Mimi sibadilishwi."