Aliyeonekana Ufukweni Dunga

Baba aliniomba jambo moja tu: ninyamaze. Watu wa mchumba wangu walikuwa wamesikia kwamba mtu wa boma letu ameonekana alfajiri ufukweni Dunga, miguu juu, kichwa chini, na baba alitaka waambiwe kuwa mtu huyo alikuwa mama. Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza kidato cha nne, nina kazi mjini. Ningeweza kukataa. Nilikubali.

Aliyeonekana nilikuwa mimi.

Tangu utotoni nilisumbuliwa na pumu. Kifua kilipobana, mama alinikalisha mapajani, mgongo wangu ukiegemea tumbo lake, akavuta pumzi polepole nami nikamfuata. “Usipigane nayo, nyathina,” alisema, yaani mwanangu. “Iache ipite.” Alifundishwa na mama yake, mwanamke wa Usenge aliyekuwa akiwakanda wanawake waliojifungua.

Miaka michache baada ya uhuru niliajiriwa kuuza vitambaa katika duka la Mhindi mmoja mjini Kisumu. Asubuhi, kabla ya kufungua, mzee huyo alikuwa akiwafundisha jamaa zake yoga katika chumba cha nyuma. Siku moja alinikuta nimeshikilia kaunta nikitafuta hewa, akaniita nijiunge nao. Somo la kwanza lilipoisha alinikazia macho.

“Pumzi nani alifundisha wewe?”

“Mama.”

“Basi nusu ya kazi iko tayari. Bado miguu tu.”

Hiyo miguu, yaani kusimama kwa kichwa, ilinichukua muda mrefu. Nyumbani hapakuwa na nafasi, na sikupenda kuchekwa, kwa hiyo nilifanyia mazoezi ufukweni kabla ya jua kuchomoza, nimevaa kaptura peke yake. Mama alikuwa akienda kununua samaki wakati huo huo. Tuliondoka pamoja, na mara nyingi alinishikia shati.

Kwetu, mtu wa vituko vya gizani, anayekimbia uchi akitisha watu, huitwa jajuok, mkimbiaji wa usiku. Si mwizi wala muuaji, ila hakuna anayetaka kuoana na nyumba yake. Inasemekana mama mkwe mwenye tabia hiyo humwambukiza mke wa mwanawe. Ndiyo maana mshenga hutumwa kuchunguza boma kabla ya ndoa, na mshenga wa upande wa mchumba wangu alikuwa amekwisha kuongea na wavuvi waliokuwa wakirudi na omena zao, dagaa wa ziwani. Walikuwa wameniona kwa mbali, kwenye ukungu, wasijue ni mwanamume au mwanamke.

“Niwaeleze ni mazoezi,” nilimwambia baba.

“Utawaeleza kwamba Mhindi amekufundisha kusimama kwa kichwa? Watacheka mpaka kwao. Mimi ni mzee wa kanisa. Mama yako ameshazaa, ameshazeeka, yeye ataharibikiwa nini?”

Mshenga alikuja Jumamosi, akaketi, akasifu nyumba. Kisha akasema, “Mzee, hatuna ubaya. Tunauliza tu, ile miguu iliyokuwa inaangalia Mungu ilikuwa ya nani?”

“Ya mke wangu,” baba akajibu. “Nimevumilia mengi.”

Mama alikuwa anamimina chai. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

“Haya,” mshenga akacheka, “lakini tukimleta binti yetu hapa, si mwaka ujao mtakuwa na wakimbiaji wawili? Hawawezi kukaa boma moja.”

“Kunywa chai, Bwana mshenga,” mama akamwambia. “Hiyo haijasimama kwa kichwa.”

Akanitazama tena, akangoja. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, machache na rahisi. Nikainamia kikombe.

Ili binti aletwe, mama akaenda kwa kaka yake Usenge, eti mpaka arusi ipite. Arusi ilipopita nilimfuata nikamkuta anaanika omena. Nilimwomba arudi.

“Nirudi kama nani?” aliuliza, mikono ikiendelea kutandaza.

Jibu la kweli lingemwaibisha baba, na bado nilikuwa namwogopa. Nikarudi mjini peke yangu.

Mhindi naye alihama nchi na kuniachia wanafunzi wake. Ndivyo nilivyokuwa mwalimu. Walikuja Wahindi waliobaki, wakaja manesi, akaja hata mtoto wa mmoja wa wale wavuvi, mgongo unamuuma. Alijipindua mchana kweupe, dirisha wazi, na hakuna aliyemwita jajuok. Nilimsahihisha magoti nikiwa nimeuma meno. Kumbe ingetosha kuwaalika mshenga na wavuvi wakae waone!

Mke wangu nilimweleza ukweli tukiwa tumeshapata watoto. Aliacha kuchambua mboga.

“Kwani uliniuliza? Mimi ningeolewa na wewe hata ungesimama kwa kichwa madhabahuni.”

Nilitoka nje nikatafuta wa kumkasirikia. Baba alikuwa amekwisha kufa, mshenga alikuwa ametimiza kazi yake, na wavuvi walisema walichokiona. Nilibaki mimi.

Nilikwenda Usenge wiki hiyo hiyo kumwambia mama kwamba sasa nitasema mbele ya kanisa zima. Nilikuta amelazwa, hatambui mtu. Alikuwa amemwapisha kaka yake asirudishwe kwetu hata akiwa maiti. Mke wa mtu huzikwa bomani kwa mumewe. Mama yangu alizikwa nje ya ua wa kaka yake, kama ambaye hakuwahi kuolewa wala kuzaa. Nilimpoteza siku ya ile chai, akiwa hai, na alikufa akijua kwamba mwanawe alimsikia akisingiziwa, akanyamaza.