Kifaa Shavuni kwa Mama

Juzi nesi alimsogezea mama kipimajoto kwenye paji la uso, nikakumbuka studio moja ya picha pale Kariakoo tuliyokwenda nikiwa mdogo, iliyonuka dawa za kusafishia picha na vitunguu vya sokoni. Mama alikuwa ameuza mitumba juani tangu asubuhi. Mpiga picha alimsogezea kifaa kidogo shavuni, akatazama mshale wake, akatikisa kichwa.

"Bado hautoshi."

Niling'ang'ania gauni la mama. Nilidhani kile kifaa kinapima uhai, na kwamba wa mama unakaribia kuisha.

"Kinapima mwanga tu, mwanangu," mpiga picha alicheka, akaenda kufungua dirisha.

"Mbona mimi naona vizuri tu, kaka?" mama aliuliza kwa sauti ya uchovu.

"Macho yanazoea giza, dada. Hiki hakizoei."

Jua likaingia pamoja na kelele za wauza mitumba, na picha ikapigwa.

Siku hizi simu inapima mwanga yenyewe, wala hakuna mtoto anayeshtuka. Ila juzi nesi aliniuliza mama amekonda hivi tangu lini, ndipo nikamtazama na kuona kweli amekonda. Ninaishi naye nyumba moja, ninamwona kila siku. Macho yangu yalikuwa yameshazoea.