Nani Kanipaka Mafuta?

Sema unavyotaka. Sema nilikuwa na usingizi, sema nilikuwa nimekunywa, ingawa wanaonijua wanajua sinywi. Mimi ndiye niliyekuwepo, na mkono ulioivuta ile handibreki haukuwa wangu. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, siongezi kitu, na asiyetaka kuamini aendelee na shughuli zake.

Mimi ni fundi magari hapa Bariadi. Nilimaliza darasa la saba nikaingia gereji, na sasa nina sehemu yangu ndogo kando ya barabara ya kwenda Lamadi. Si mwongeaji. Wateja wengine hudhani nimenuna, kumbe ni aibu tu. Kwa sababu ya aibu hiyo watu wengi wamekisimulia kisa hiki badala yangu, tena wakakiharibu. Wapo wanaosema nilimwona chui. Chui gani? Leo nasema mwenyewe.

Kuna mama mmoja, tumwite Mama Kulwa, anaishi kijiji cha jirani. Mumewe alifariki mvua zilipokuwa zinaanza, akaacha pikapu. Kwa pikapu hiyo walikuwa wakichukua dagaa Lamadi na kuwapeleka minadani, mpaka Mwandoya huko. Shamba lao la pamba ni dogo, kwa hiyo gari lile ndilo lililokuwa likiwalisha yeye, watoto wake na mama mkwe wake.

Sasa, ukoo ule una desturi yake. Chombo cha marehemu hakiguswi mpaka msiba umalizwe rasmi. Baiskeli, jembe la ng'ombe, redio, vyote vinakaa pale alipoviacha. Kwa jembe haina shida. Lakini gari? Pikapu ilikaa uani masika yote ikinyeshewa, ng'ombe wakijikuna kwenye bampa.

Unaijua ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi la mbele, ambayo breki huibana ili gari lisimame? Hiyo ndiyo diski. Ni chuma kitupu, haina rangi. Ikinyeshewa usiku mmoja, asubuhi inakuwa na kutu nyembamba, ukikanyaga breki mara chache inafutika. Ikinyeshewa masika yote, kutu inaota magamba.

Siku msiba ulipomalizwa, Mama Kulwa aliiwasha pikapu akaitoa uani. Ikalia. Nilikuja kuusikia mlio huo mwenyewe baadaye. Ulianzia chini, ukapanda taratibu, ukakatika juu, kama mwanaume mzima anayelia huku anajizuia. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walitua ndoo. Mama mzazi wa marehemu, bibi ambaye kila mtu pale anamwita Mayu, alitoka ndani bila viatu akasema, "Huyo ni mwanangu."

Basi. Neno likishatoka kwenye kinywa cha mama, utalirudisha vipi?

Mdogo wake marehemu, Masanja, hakuchelewa. Alikuja akazunguka lile gari akasema, "Shemeji, kaka analia. Anataka kurudi nyumbani kwao. Gari lije kwangu."

Mama Kulwa akamwambia, "Shemeji, lilipokuwa halilii hukuwahi kulitamani?"

Watu walicheka, lakini Masanja hakucheka. Wakakubaliana kwamba ukoo utakaa Jumapili baada ya ibada. Gari likilia mbele ya wazee, linakwenda kwa Masanja. Likinyamaza, linabaki kwa Mama Kulwa. Ndipo akaja kwangu.

Nilifanya kazi ile kwa moyo. Niliinua gari kwa jeki, nikatoa matairi ya mbele, nikasugua diski kwa msasa mpaka nikaona chuma kinang'aa. Nikasafisha pedi zinazoibana diski, nikatoa kutu kwenye vishikizo vyake ili zisikwame. Jioni nililizungusha kijijini, likawa kimya kabisa. Mayu alikuwa amekaa mlangoni ananiangalia.

Usiku mvua ikanyesha, zile za mwisho mwisho. Asubuhi Mama Kulwa alipolisogeza tu, likalia tena. Masanja naye yupo, kama aliyeitwa.

"Fundi," aliniambia, "umelitengeneza au umelikumbusha?"

Nilitaka kumjibu kwamba hiyo ni kutu ya usiku mmoja, inaondoka kwa kukanyaga breki mara chache. Maneno yalikuwepo kichwani. Hayakutoka. Nilikunja vitambaa vyangu nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia Mayu akimwambia mkwewe, "Analia usiku, analia asubuhi. Kwani hakuna wa kumhurumia?"

Mvua ikanyesha tena usiku wa kuamkia Jumapili. Niliamka na hasira. Nilijiambia, sawa, gari halitalia mbele ya wazee, kwa sababu litakuwa limeshamaliza kulia kabla hawajafika. Nikapanda baiskeli. Nilipofika kwa Mama Kulwa kulikuwa kunapambazuka, kijivu, na madimbwi kila mahali. Nilimwambia nalipeleka mpaka kwenye kidaraja cha mtoni na kurudi, nitakuwa nakanyaga breki njiani ili kutu ifutike. Akanipa ufunguo.

Nililitoa uani taratibu. Halikulia.

Nilifurahi, nakwambia ukweli. Baada ya mvua ile yote, hata kukwaruza hakuna? Nilijisifu kimoyomoyo. Nilijiona fundi hasa. Sikujiuliza ilikuwaje.

Mbele kidogo, kabla barabara haijaanza kushuka kuelekea kwenye kidaraja, mtu alikuwa amesimama kando. Mrefu, amevaa koti, mikono ameiachia tu. Nilipunguza mafuta, nikatoa kichwa dirishani nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka!"

Hakuitikia. Kama wewe si wa huku huenda usielewe. Huku kwetu hata mtu mnayegombea naye mpaka wa shamba anaitikia salamu ya asubuhi, halafu mnaendelea na ugomvi. Nikampita.

Mteremko ukaanza. Nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama kawaida, lakini gari likaendelea kwenda. Nikakanyaga kwa nguvu zote. Likateleza tu, laini, kimya, kama mtu aliyekalia sabuni. Breki za nyuma za gari lile zimechoka, peke yake haziwezi kulishika. Na kidaraja chenyewe hakina kingo, maji yalikuwa yanapita juu yake, mekundu, yana kelele. Nikavuta handibreki. Waya wake nao ulikuwa umeshika kutu, ukaja nusu ukakwama.

Hapo ndipo mkono ulipokuja juu ya mkono wangu.

Ulitokea kushoto, upande wa abiria. Ulikuwa wa baridi na wenye kukwaruza kama chuma ambacho bado hakijapigwa msasa. Ukaubana mkono wangu pamoja na ile handibreki, ukavuta. Nyuma ya gari ikazunguka, tope likaruka, na gari likasimama matairi ya mbele yakigusa maji.

Nikageuka. Alikuwa yule mtu wa kule juu. Sikuwa nimesimama, sikuwa nimefungua mlango. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye maji. Shavu lake lililokuwa upande wangu lilikuwa na magamba, na chini ya magamba rangi ya chungwa. Harufu yake ilikuwa ya chuma kilicholowa.

Akasema, "Nani kanipaka mafuta?"

Sauti ilianzia chini, ikapanda, ikakatika juu. Ule ule mlio.

Watu huniuliza, hukukimbia? Hukupiga kelele? Niamini, hata mimi nilidhani ningekimbia. Lakini nilikuwa nimetoka kunusurika na kifo, nilikuwa nimefanya kazi ya watu kwa moyo wote, nimetukanwa, na sasa naulizwa kama mwizi. Hasira iliwahi kufika kabla ya woga. Mimi huyu nisiyeweza kumjibu Masanja nilimgeukia yule mtu nikamwambia, "Mimi nimesugua kutu. Sijampaka mtu mafuta. Kama gari hili ni lako, mkeo analihitaji, lina kazi ya kulisha watoto wako. Kama si lako, shuka."

Akaendelea kuangalia mbele. Maji yanapiga kelele. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, "Shuka!"

Mlango ule wa abiria haufunguki kwa ndani, kitasa chake kilivunjika zamani. Ulifunguka. Akashuka, akaingia kwenye maji, na maji hayakubadilika. Sikumwona akitokea ng'ambo.

Nilishuka, nikaweka jeki, nikatoa tairi. Na nilikuta nini? Samli. Diski yote imepakwa samli ya ng'ombe, nzito, imeingia mpaka kwenye pedi. Upande wa pili vivyo hivyo. Kuna mtu alipitisha vidole kwenye matundu ya rimu usiku na kuipaka vizuri, kwa uangalifu, kama unavyopaka mafuta ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe isipige kelele. Mkokoteni sawa, hauna breki. Lakini diski ukiipaka mafuta umeondoa breki.

Nilifuta kwa petroli, nikasugua pedi na diski kwa msasa palepale barabarani, nikajaribu mara nyingi kwenye tambarare mpaka likashika. Likalia kidogo, likanyamaza. Nikarudi.

Wazee walikuwa wameshakaa. Masanja akasema, "Haya fundi, endesha tusikie."

Sikuendesha. Nilisimama mbele yao na kitambaa changu chenye samli, nikawaeleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe. Nilipofika kwenye yale maneno, nani kanipaka mafuta, Mayu akapiga ukunga na kushika kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Nilitoka usiku, hakuna aliyeniona. Alipokuwa mtoto, akilia hivyo, nilikuwa nampaka samli kifuani, analala. Nilitaka alale tu."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Kulwa alikuwa anaangalia kile kitambaa, nadhani alikuwa anafikiria kwamba yeye na watoto ndio wangekuwa ndani ya gari lile Jumatatu, wakienda kuchukua dagaa.

Masanja akaruka. "Mmesikia? Ni kaka mwenyewe! Yumo ndani ya gari! Si nilisema? Lije kwangu."

Nilijibu. Safari hii maneno yalitoka. "Panda basi uliendeshe mpaka kwenye kidaraja. Kakako ameelekea huko. Kamwulize."

Hakusogea hata hatua. Lakini aliyemaliza shauri hakuwa mimi, alikuwa Mayu. Alifuta uso kwa kanga, akamwambia mwanawe, "Masanja, kaka yako alipata nafasi ya kusema. Kauliza habari za mafuta. Habari za kuja kwako hakuuliza."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akasema gari libaki lilipo. Likabaki.

Mpaka leo Mama Kulwa anabeba dagaa kwa pikapu ile. Asubuhi baada ya mvua huwa inalia inapotoka uani, mara moja au mbili, halafu kutu inafutika na inakuwa kimya kutwa nzima. Mayu hukaa mlangoni akiisikiliza. Ikishalia, anarudi ndani kuendelea na kazi zake.

Mimi nina alama mgongoni mwa mkono wa kushoto, rangi ya chungwa, ya vidole. Sabuni haiitoi, petroli haiitoi, msasa nimejaribu nikatoka damu. Wapo wateja waliohama kwa sababu yake. Wapo walionishauri niende kwa mganga, na mmoja akaniambia nifunge gereji nihame Bariadi. Nihame niende wapi? Sikumkosea mtu, aliye hai wala aliyekufa. Kila asubuhi nafungua, mkono wangu uko wazi, sivai glavu, anayetaka kuuangalia auangalie.

Ila wewe unayesoma, nisikilize kwa hili moja. Kila mwaka mvua zikianza wanakuja watu kwangu, "Fundi, breki inapiga kelele, weka mafuta kidogo tu." Nawakatalia, wananuna, wanakwenda kwa mwingine. Usiwe mmoja wao. Na kama asubuhi moja baada ya mvua kubwa gari lako litatoka kimya kabisa, bila hata kukwaruza, usifurahi kama nilivyofurahi mimi. Lizime. Shuka. Pitisha kidole kwenye tundu la rimu, gusa diski, kisha unuse.