Bonde Lililofunikwa na Ukungu

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa wapima ramani huko Mbeya. Mwaka mmoja ndege yao ilipiga picha milima ya Mufindi, lakini bonde moja lilikuwa na ukungu kila ilipopita. Picha zilitoka nyeupe. Rada ya ndege ndiyo iliyopenya: ilichora kwenye karatasi mstari wa ardhi, ukishuka ghafla, ukinyooka kidogo chini, kisha ukipanda tena. Mpimaji mkuu, Mwingereza, alinieleza vizuri kwamba rada ile ilipima miinuko tu. Nyumba na mashamba haikuonyesha. Ndiyo maana alinituma nishuke kwa miguu nikaone kama kuna watu, kwa sababu bonde lisilo na watu lingeingizwa kwenye hifadhi ya msitu.

Nilifika ukingoni mchana, mvua inanyesha, na miguuni nina viatu vipya vya ngozi nilivyonunua Iringa. Nikajibanza kwenye kibanda cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Wanywaji walinitania kwamba karani wa ndege anaogopa utelezi. Mzee mmoja aliyepanda kutoka bondeni alinipa kikombe chake.

"Shuka nami, mwanangu," alisema. "Moshi wetu hauonekani huku juu."

Nikamwahidi kesho. Kesho yake mvua iliendelea, nami nikaendelea kunywa. Siku ya tatu nikageuka nikarudi Mbeya. Kama ningeandika kwamba watu wapo, ningeulizwa kaya ngapi na ziko wapi. Kusema sikushuka niliona haya. Nikaandika: hakuna watu.

Mwaka uliofuata nilishuka, nikiwa mkalimani wa bwana msitu aliyepeleka amri ya kuhama. Nilihesabu kaya kumi na moja. Ulezi ulikuwa karibu kuvunwa. Mzee yule alikuwa mlangoni kwake.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu, kana kwamba nimekuja kutimiza ahadi.

Nilipomaliza kutafsiri amri, aliniuliza ni nani aliyesema kwamba hapa hakuna watu.

"Ni rada," nikasema. "Ile mashine ya ndege."

Alitazama juu kwenye ukungu kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mkewe na kumweleza, bila hasira, kwamba mashine haikuwaona.

Bwana msitu akataka kujua mzee amesema nini. Hata wakati huo bado ningeweza kusema ukweli. Nilimjibu kwamba amekubali.