Kamba ya Mama Mkwe Ilivyonikosesha Miraba ya Blanketi

Mraba wangu wa tatu ulipofumuliwa mbele ya wanawake kumi na mmoja, niliinuka na mtoto mgongoni nikasema, "Basi! Leo kamba nayo ipimwe!"

Wakuu, salamu kwenu, na walionizidi umri shikamooni. Bibi yenu naandika kwa kidole kimoja, na sina sababu ya kuwadanganya kwa jambo la blanketi.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, kijijini kwetu milimani, jirani na Magamba. Nilikuwa nimemaliza Form Four, nimeolewa, mtoto wa kwanza ana miezi saba.

Kikundi cha akina mama kilikuwa na cherehani moja. Tulishona mablanketi ya vipande kwa ajili ya watoto wa chekechea. Baridi ya kule anayeijua anaijua.

Unaunganisha vitambaa sita vyembamba ubavu kwa ubavu, unapiga pasi ya mkaa, halafu unakata mraba. Miraba isipolingana, blanketi linajikunja kama jani la kabichi.

Kipimo chetu kilikuwa kamba ya katani kutoka Mazinde, ina mafundo mawili. Fundo hadi fundo, ndiyo mraba. Ilining'inia msumarini barazani.

Mwenye kamba ni mwenyekiti. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu. Hapo mmeshaona ugumu.

Sheria: miraba mitatu ikikataliwa, unanyang'anywa zamu ya cherehani. Na cherehani ile niliipenda kuliko... hapa nanyamaza, marehemu mume wangu asinisikie.

Wenzangu walishona mchana wakitoka shamba. Mimi asubuhi, ukungu bado umetanda, maana ndipo mtoto alipolala. Mchana mama mkwe anakagua kwa kamba ileile: mraba wangu pungufu, karibu upana wa kidole.

"Form Four, mraba wako una njaa!" Mama Hemedi, mwenzetu kikundini, akacheka mpaka akajishika kiuno.

Nikadhani nashona ndani mno. Nikapunguza mshono. Bado.

Nikadhani pasi inavikunja vitambaa, nikaipunguza makaa. Bado.

"Mke wa mwanangu," akasema mama mkwe siku ile huku anafumua, "shule yote ile haikukufundisha kufuata kamba?"

Ndipo nikapasuka.

Nilichukua chaki, nikatia alama mezani, fundo hadi fundo. Nikaitumbukiza kamba kwenye beseni la maji, nikangoja huku wananicheka. Nikaitoa, nikaitandaza palepale.

Fundo la pili halikuifikia alama. Pungufu, karibu upana wa kidole.

Wanawake wakasogea, wakaiinamia meza.

"Haa! Kumbe kamba ndiyo yenye njaa!" Mama Hemedi tena.

Mama mkwe akaitazama kamba, akanitazama mimi. "Kamba ilipitishwa na mkutano," akasema. "Andika barua."

Sasa wakuu, kwetu mkwe hashitakiwi. Nikatafuta wa kumshitaki, nikampata.

Wiki iliyofuata seremala alituchongea rula ya mbao. Miraba ikalingana, zamu yangu ikarudi, na mwanangu alipofika umri wa chekechea alilala chini ya blanketi lenye miraba yangu. Mama mkwe ndiye aliyemfunika.

Nilichojifunza: pima baada ya kupiga pasi, siyo kabla. Na kabla hujamfumulia mtu kazi yake, kipime kwanza kipimo chako.

Nyie mmewahi kuonewa na kipimo gani? Semeni hapo chini, nasoma zote. Barua yenyewe nakala ninayo, hii hapa:

Kwa Kamati ya Kikundi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KAMBA

Nalalamika rasmi dhidi ya kamba ya katani, ambayo hufupika asubuhi kwa ukungu na kurefuka mchana kwa jua, ikanikosesha miraba mitatu na heshima. Naomba iondolewe kazini na zamu yangu ya cherehani irudishwe. Mwenyekiti hana kosa. Kamba ililoweshwa mbele ya mashahidi, na haikukanusha.