Mirija Miwili ya Kongosho ya Kaka

Nilirudi Lushoto na stashahada ya upigaji picha za eksirei, niliyoipata ng'ambo kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ndiyo, najisifu. Aliyeuza mapeasi sokoni Soni akiwa peku ana haki hiyo. Siku hizo za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, hospitali za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa, nami nikaajiriwa katika mojawapo.

Hapo ndipo kaka yangu, mwalimu wa madrasa, alipoangushwa kwa mara ya tatu na maumivu ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni. Kongosho ilikuwa imevimba ghafla. Daktari aliuliza kama anakunywa pombe, maana mara nyingi ndiyo huleta ugonjwa huo. Mhudumu mmoja, jirani yetu, akalibeba swali hilo hadi kijijini kama jibu, na wazee wa msikiti wakamnyang'anya kaka ufunguo wa madrasa.

"Kumbe mwalimu naye ana kibuyu uvunguni!" walicheka wanywaji wa boha, pombe yetu ya miwa.

Hata mimi msomi nilimuuliza, tena mbele ya mkewe.

"Mdogo wangu," akasema, "hiyo stashahada inanusa midomo?"

Niliapa kutafuta picha itakayoonyesha ukweli. Nilimpeleka hospitali kubwa mjini, wakaingiza dawa inayoonyesha mirija, nami nikaisoma picha bega kwa bega na daktari. Mirija miwili ya kongosho yake haikuungana tangu tumboni mwa mama. Karibu maji yake yote ya kusaga chakula yalipitia tundu dogo. Daktari alikuwa mwangalifu: wengi huzaliwa hivyo na hawaugui. Huenda ndiyo sababu. Ila kumsingizia pombe bila ushahidi, akasema, hapana.

Ijumaa, baada ya swala, niliwaita wazee kwenye mfereji wa kumwagilia kabichi, nikashika jembe.

"Shikamooni. Mkielekeza mfereji wote huu kwenye njia moja ndogo, itakuwaje?"

"Ukingo utapasuka. Hata mtoto anajua."

Nikaziba njia kubwa, nikafungua ndogo. Ukingo ukapasuka, maji yakalowesha kanzu ya mwenyekiti wao.

"Na mwenye shamba alikuwa amelewa?" nikauliza, nikawaeleza kuhusu ile picha.

Mwenyekiti alikamua kanzu, akatoa ufunguo. "Mpelekee."

"Mlimnyang'anya mbele za watu, mzee wangu. Mrudishieni mbele za watu."

Tukapanda mlima sote hadi kwa kaka, mimi mbele na jembe langu.